Kidole Kimoja Kifuani

Kiungulia cha kweli huwezi kukionyesha kwa kidole kimoja. Kinawaka chini ya mbavu, kinapanda katikati ya kifua, kinafika kooni na uchachu wake, na mwenye nacho ukimwuliza kiko wapi anapitisha kiganja kizima, kutoka tumboni hadi shingoni, kama mtu anayefuta meza. Nimekaa nacho miaka ishirini na mitano, nakijua kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu. Kwa hiyo siku ile mwanangu aliponyoosha kidole kimoja na kukibandika katikati ya kifua akasema, "Hapa," nilijua. Nilijua na nikanyamaza, na hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Mwanangu huyu ni fundi wa makochi. Mtaani wanamwita Kimya, wala si kwamba hana maneno. Ni kazi yake. Fundi wa makochi wa namna yake hujaza mdomoni misumari midogo, ile mifupi yenye kichwa kipana, kiasi cha kujaa kiganja. Ulimi unaigeuza mmoja baada ya mwingine mpaka kichwa kinachungulia kati ya midomo. Nyundo yake ina sumaku. Anaisogeza mdomoni, sumaku inadaka msumari, mkono unashuka, to, to, kitambaa kimeshikwa. Mkono wa pili muda wote huo unakivuta kitambaa kisilegee, ndiyo maana hawezi kuwa anachovyachovya kwenye kopo la misumari. Ukimsalimia akiwa kazini anakujibu kwa pua. Mm ni ndiyo. Mm-mm ni hapana. Mmm ndefu maana yake nenda kamwulize Sponji.

Sponji ni mwenzake pale karakana, ndiye anayekata sponji za kukalia. Ni mnene, mcheshi, na mdomo wake hauna msumari wala mlango. Karakana yao iko mwisho wa mtaa wetu, milango sita kutoka kwetu. Nyumbani tuko wanne: mimi, Kimya, mkewe ambaye anafundisha watoto wa chekechea, na binti yao wa darasa la tatu.

Kiungulia kilianza kwangu, nikiwa bado nafua nguo za watu. Kuinama kwenye beseni na tumbo limejaa, hapo ndipo nilipokitambua. Miaka kadhaa nilidhani ni moyo, nikawa naaga watu. Halafu nesi mmoja mzee akanichorea kwenye kipande cha karatasi. Akaniambia pale njia ya chakula inapoingia tumboni kuna msuli mfano wa mdomo wa mfuko wenye kamba. Ukila, kamba inafunguka, chakula kinapita, inafungwa. Kwako wewe mama, akasema, kamba imelegea, basi uchachu wa tumboni unarudi juu, na huko juu hakuna ngozi ya kuuvumilia. Akanipa dawa, akanipa na masharti. Kula kidogo kidogo. Usiiname wala kulala baada ya kula, ngoja saa tatu zipite. Legeza mkanda. Inua kitanda upande wa kichwa. Punguza chai, punguza mafuta. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini yale masharti niliyashika kama mtihani.

Ikawa mtaani mwenye kifua kinachowaka analetwa kwangu. Kimya akanipachika jina, Daktari wa Kifua. "Daktari yupo?" anauliza akiingia, watu wanacheka.

Basi kilipompata yeye sikushangaa. Fundi wa makochi anashinda ameinama. Anakuja saa saba, anakula sahani mbili mbiombio, saa saba na nusu amerudi kukunja tumbo juu ya kiti cha mtu. Alikuwa na vidonge vyeupe vya kutafuna mfukoni, anavila kama peremende. Mwaka wa nne wa vidonge nikaona sasa inatosha. Nikaleta matofali mawili, nikayaweka chini ya miguu ya kitanda chake, upande wa kichwani.

Mkwe wangu alivumilia wiki moja tu. "Mama," akaniambia, "mume wangu anateremka usiku kucha. Asubuhi namkuta miguuni kama shuka."

"Akishuka yeye, uchachu haupandi."

"Na mimi je?"

"Wewe shika mbao."

Tukacheka. Lakini matofali yakakaa, na nikamkataza chai ya jioni, na chakula chake nikakigawa mara nne. Na kile kiungulia kikapungua. Mwezi wa pili akaniambia hakimwamshi tena. Mwezi wa tano vile vidonge akavisahau mfukoni mpaka vikafuliwa na suruali. Nikajiona nimeweza. Nilimweleza kila mtu aliyekaa barazani kwangu kwamba matofali mawili yamemponya mwanangu.

Kuna jambo moja nililiona mwaka huo na sikulipa uzito. Alianza kunywa maji kila tonge. Tonge, maji, tonge, maji. Nyama akaiacha, akasema ngumu. Mkate akawa anauchovya mpaka unavunjika. Nilidhani ana haraka ya kazi. Mjukuu wangu ndiye aliyesema, mezani, mbele yetu sote:

"Bibi, mbona baba anakula kama kuku?"

"Kuku anakulaje?"

Akanyoosha shingo juu, akafumba macho, akameza. Mama yake akamkemea kwa adabu mbaya. Kimya mwenyewe alitabasamu, akachukua maji.

Halafu kikaja kile kipindi cha mwaka ambacho kila ukumbi wa mikutano unataka kuonekana mpya. Wakaletewa viti mia moja na ishirini, vya kuvuliwa kitambaa cha zamani na kuvikwa kipya, wiki mbili. Mlundo ulitoka karakana ukafika hadi barazani kwa jirani. Kimya akawa anakuja kula amesimama.

Jumatatu alikula maharage sahani nzima, nilimwona, akajifuta mdomo huku anatoka.

"Keti kwanza," nikamwambia. "Angalau robo saa."

"Viti vinaketi kwa niaba yangu, Daktari."

Jumatatu hiyo hiyo jioni hakula. Alikaa kwenye kiti amenyooka, mikono magotini, kama mtu aliyesikia kitu nje anasubiri kisikike tena.

"Kimewaka?" nikamwuliza.

"Mm," akajibu, na mdomoni hakuwa na msumari hata mmoja.

Nilifurahi kidogo, nisiseme uongo. Nilimwambia ndiyo matokeo ya kuinama na maharage tumboni, amevunja masharti, sasa arudi kwenye utaratibu. Nikampikia uji mwepesi. Nikaongeza tofali la pili chini ya kila mguu.

Jumanne aliunywa uji kwa kijiko cha mtoto. Kila kijiko kikishuka, alifumba jicho moja. Jumatano hakutaka uji, alitaka maji ya baridi, na maji nayo aliyagawanya kinywani mara tatu ndipo akayameza. Mkwe wangu akaniita jikoni.

"Mama, hiki ni kiungulia?"

"Kikirudi baada ya kupoa huwa kikali zaidi."

"Anatema mate kwenye kitambaa. Kitambaa kizima kimelowa. Nimekificha kwenye ndoo mtoto asikione."

"Kiungulia kinajaza mate mdomoni. Hata mimi kinanifanyia."

Ni kweli kinafanya hivyo. Nilikuwa na jibu la kila alichoniuliza. Mkwe wangu akaosha kikombe ambacho kilikuwa tayari safi.

Alhamisi asubuhi, kabla hajatoka, nilimkalisha mlangoni penye mwanga. Shingo yake ilikuwa imekonda kwa siku tatu tu. Nikamwambia, "Nionyeshe kinakoanzia na kinakoishia."

Hakufuta kifua kwa kiganja. Alinyoosha kidole cha shahada, akakitembeza kidogo kushoto, kidogo kulia, kama anatafuta kitufe cha kengele, akakibandika.

"Hapa."

"Na kinapanda?"

"Mm-mm. Hapa hapa."

"Ukimeza?"

"Kinachoma. Halafu mgongoni, nyuma yake, kunajibu."

Hiki sikuwa nakijua. Katika miaka yote ile na vifua vyote vile vilivyokaa barazani kwangu, hakuna aliyewahi kuninyooshea kidole kimoja. Hapo ndipo nilitakiwa kusema, mwanangu, mimi sijui, twende hospitali. Neno lenyewe lilifika kwenye ulimi. Lakini nikamwangalia, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, ananitazama kama zamani akiwa na homa, anasubiri niseme ni kitu gani. Nikasema, "Ni kile kile. Kimekaa pabaya. Tungoje mpaka Jumapili."

Watu husema mimi ni mvumilivu. Siku ile haukuwa uvumilivu, ulikuwa woga tu.

Ijumaa hakuja kula mchana. Saa nane ikapita. Nikajifunga kanga, nikatoka kwenda karakana. Ni milango sita, lakini siku hiyo niliihesabu yote. Nyundo haikuwa ikilia. Kilichonitisha zaidi ni kwamba Sponji naye alikuwa hasikiki.

Nilimkuta Sponji amesimama mbele ya meza yake ya kukatia, kisu mkononi, hakati. Aliponiona, alitazama kule nyuma, kisha akatazama sakafu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwenzako yuko wapi?"

Nikapita katikati ya viti. Vilipangwa kimoja juu ya kingine, miguu juu, vimevuliwa, springi nje. Nyuma yake Kimya alikuwa amepiga goti mbele ya kiti, nyundo mkononi, kitambaa kimevutwa nusu. Mate yalikuwa yanamchuruzika kidevuni, yanadondokea kwenye kopo la rangi alilolitega kati ya magoti. Na kwenye midomo, katikati ya yale mate, kichwa cha msumari kilikuwa kinachungulia.

"Toa hiyo misumari," nikamwambia.

Akaitemea kiganjani. Kumi na moja, kumi na mbili, sikumbuki. Ilikuwa imezungukwa na mate mazito, na kwenye mate kulikuwa na uzi mwekundu.

"Umeng'ata ulimi?"

"Mm-mm."

Nikashika paji lake. Lilikuwa linaunguza. Pembeni, kwenye droo ya misumari, nikaona mkate. Ulikuwa mkavu, wa siku kadhaa, umekatwa vipande vikubwa na kuviringwa kama mipira. Mtu ambaye nyumbani hawezi uji, kazini anakula mkate mkavu. Nikashika mpira mmoja, nikamgeukia Sponji.

"Huu ni wa nani?"

"Mama, mimi—"

"Nimeuliza huu ni wa nani."

Sponji akaweka kisu mezani. Sijawahi kumsikia akiongea polepole namna ile.

"Jumatatu, Mama. Alitoka kula, akainama pale pale. Mdomo umejaa misumari. Nikamsikia anabeua, ile ya kucheua, uchachu umempanda mpaka puani, machozi yakamtoka. Sasa mtu ana misumari mdomoni, hawezi kutema juu ya kitambaa cha watu. Akameza. Halafu akapeleka nyundo mdomoni, akangoja. Nyundo ikakaa pale. Akaangalia chini, akaangalia kwenye shati. Nikamwuliza, umemeza? Akaniambia mm-mm."

"Na mkate?"

"Mkate ni mimi. Mjomba wangu alikwamwa na mwiba wa samaki, tukampa mkate mkavu aumeze mzima mzima, mwiba ukashuka. Nikamwambia afanye hivyo. Amefanya siku nne."

"Siku nne," nikasema. "Na hukuona milango sita hiyo ya kuja kuniambia?"

"Alinikataza. Alisema Daktari keshasema ni kiungulia." Akafuta uso kwa mkono. "Na mimi nikasema, basi labda ni kiungulia. Wewe ndiye unajua, Mama."

Kimya hakuinua macho. Nikaketi kwenye kiti kisicho na kitambaa.

Hakuweza kulala wala kuinama. Akijaribu tu, pumzi inakatika. Kwa hiyo Sponji na majirani walimpakia kwenye pikapu ya kupelekea makochi, nyuma, wakamkalisha juu ya kochi la mteja wakalifunga kwa kamba, mimi upande huu, mkewe aliyetolewa darasani upande ule, bado ana chaki kwenye vidole, Sponji mbele na dereva. Tukapita mtaa mzima hivyo. Watu wakapunga mikono. Kinyozi akatoka dukani akapaza sauti, "Kimya, leo unajipeleka mwenyewe kwa mteja?" Kimya akainua mkono kumjibu. Kila gurudumu likiingia shimoni alishika ubao wa kochi na kufumba macho, na mimi nilikuwa nayatazama yale mashimo kabla hatujayafikia, moja moja, nisiweze kuyazuia.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, nywele fupi, sauti ya chini. Alimpeleka eksirei kabla hata hatujaandika jina vizuri. Aliporudi alibandika picha kwenye kioo chenye taa, akatuita sisi watatu, mimi, mkwe na Sponji. Mbavu za mwanangu zilikuwa za kijivu, kama moshi. Katikati, mweupe kabisa, msumari. Kichwa juu, ncha imelala upande, imeegemea.

"Nani alimpa mkate?" akauliza.

Sponji akasema, "Mimi."

"Msimpe mtu mkate tena. Kitu chenye ncha hakisukumwi. Kila alipomeza mkate, aliugongomea msumari." Akaweka kalamu kwenye picha, karibu na ncha. "Huku inakoelekea kuna mshipa mkubwa wa damu. Mpaka sasa haujaguswa, ninavyoona. Homa inaniambia ukuta wa njia ya chakula umeanza kuharibika. Kama umetoboka, tutalazimika kumfungua kifua."

Mkwe wangu alishika mkono wangu. Chaki ikahamia kwangu.

"Lakini kuna jambo silielewi," daktari akaendelea. "Msumari mdogo hivi kwa mtu mzima mara nyingi unateremka wenyewe. Huu umesimama katikati ya njia. Kabla ya Jumatatu, alikuwa na shida ya kumeza?"

"Hapana," mkwe akasema. "Alikuwa na kiungulia tu, nacho kilipona."

"Kilipona vipi?"

Nikasema mimi. "Maji," nikasema. "Mwaka mzima alikuwa anakunywa maji kila tonge. Nyama aliacha. Mkate alichovya."

Daktari akanigeukia, akaacha kuangalia picha. Akanieleza taratibu, kama yule nesi mzee, ila yeye hakuchora. Alisema uchachu ukipanda miaka mingi bila kutibiwa ipasavyo, unaunguza njia ya chakula, kidonda kinapona, kinaungua, kinapona, na kila kikipona kinaacha kovu, na kovu linabana. Njia inakuwa nyembamba. Ndipo mtu anaanza kusukuma chakula kwa maji. Na wengine, alisema, njia ikibana sana hata uchachu hauoni pa kupanda, basi moto unapungua, mtu anadhani amepona.

"Masharti uliyompa ni mazuri," akasema. "Kitanda, chakula kidogo, yote sawa. Lakini kiungulia cha kila wiki, cha miaka, kinatakiwa kuonwa na kutibiwa. Na mwenye kiungulia akianza kukwama chakula, au kukonda, au kutema damu, hapo si wa nyumbani tena. Siku hiyo hiyo anakuja."

Siku hiyo hiyo. Nilihesabu nyuma. Mwaka mmoja.

Walimlaza usingizi wa dawa, wakapitisha kinywani mpira mwembamba wenye taa na kikoleo mbele. Tulikaa kwenye benchi la ukutani. Mbele yetu kulikuwa na mlango wenye kidirisha cha duara, na kila kivuli kilichopita nyuma yake mkwe wangu aliinuka nusu, akakaa. Sponji alikuwa anazungumza peke yake, kwa sauti ndogo, anasema viti vimebaki sitini na nane, sitini na nane, kama ndiyo dua yenyewe.

Kukaribia magharibi daktari alitoka. Msumari umetoka, akasema, lakini ulikuwa umezama, na mahali ulipotoka hapapendezi. Hatujui kama pametoboka moja kwa moja. Hatakula wala kunywa, hata tone, mpaka kesho asubuhi. Kesho atakunywa maji ya dawa yanayoonekana kwenye picha. Yakiteremka yote, vizuri. Yakivujia pembeni, tunamfungua saa hiyo hiyo.

"Na homa?" mkwe akauliza.

"Homa haijashuka."

Asubuhi ilikuwa bado haijashuka. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, midomo imekauka na kupasuka, nguo ya hospitali imefungwa mgongoni. Macho yake yalikuwa makubwa. Aliponiona alitaka kusema kitu, nikamwekea kidole mdomoni mwangu.

Mwenye kuendesha mashine aliniruhusu nisimame mlangoni, nyuma ya kioo, kwa sababu mkwe wangu alisema hawezi kutazama, na Sponji alishatoka nje kutapika. Walimsimamisha Kimya kwenye ubao. Wakampa kikombe. Daktari akamwambia, "Funda moja. Ukimeza, usitembee, usigeuke."

Kwenye kioo cha mashine nikaona mbavu zake tena, safari hii zinapumua. Halafu yale maji yakaingia, meusi, yamejaa kooni kama wino kwenye chupa. Yakashuka. Katikati ya kifua, pale pale alipowekea kidole, yakasimama.

Daktari akainama mbele. Mwendesha mashine akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

Yakakaa. Juu yake njia ilikuwa pana, chini yake hakuna kitu. Nilikuwa natafuta doa pembeni, nje ya mstari, doa lolote. Macho yangu si mazuri na kila kivuli kilikuwa doa. Nikaona mwanangu anafumba macho, shingo inanyooka juu, nami nikanyoosha yangu.

Uzi mwembamba ukatokea upande wa chini. Ukarefuka. Ukagusa tumbo.

"Subirini," daktari akasema, ingawa hakuna aliyekuwa amesema kitu. Akasogeza picha kushoto, akasogeza kulia, akaikuza mpaka mbavu zikawa ukuta mzima. Alitazama muda ambao ningeweza kukanda unga na kuumaliza.

"Haivuji," akasema mwishoni. "Kwa leo haivuji. Lakini oneni ukubwa wa njia. Wembamba wa mstari wa kalamu. Homa tutaipiga kwa dawa, halafu hapa tutapanua kidogo kidogo, mara nyingi, miezi. Na nimekata kinyama kidogo cha kovu nikipeleke kupimwa, kwa sababu kovu la namna hii lazima lipimwe. Majibu wiki ijayo. Sitaki kuwatisha wala kuwaahidi."

Nikaruhusiwa kuingia. Walikuwa wameshamketisha. Mkono wake ulikuwa bado wa moto.

"Mama," akasema, sauti kama ya mtu aliyepiga kelele siku nzima. "Mimi nilijua tangu Jumatatu. Nilijua msumari mmoja haupo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulisema ni kiungulia. Nikataka kiwe kiungulia."

Nilivuta kiti nikakaa karibu naye, magoti yetu yakagusana. Ningeweza kumwacha abebe peke yake, alikuwa tayari kubeba. Nikasema, "Mimi nilijua tangu Alhamisi. Ulipoweka kidole. Nilijua sijui ni nini, na nikakwambia ungoje."

Alinitazama. Sikuona hasira, na nadhani hasira ingekuwa nyepesi kuipokea. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeangalia ngazi aliyokuwa anaipanda kila siku, leo kaambiwa haina msumari hata mmoja.

"Basi wiki ijayo," akasema, "majibu yakija, uniambie yote. Hata kama ni mabaya. Usinipe matofali."

"Nitakwambia yote."

Nesi akaingia na kikombe kingine, maji ya kawaida, robo tu. Akasema tujaribu na haya. Akampa. Kimya akakishika kwa mikono miwili, akafikisha midomoni, akangoja kidogo.

"Polepole," nesi akasema.

Akameza. Nesi na mimi tukaitazama shingo yake mpaka alipofungua mdomo kutuonyesha kwamba hamna kitu ndani.